Dawa ya VVU kwa ugonjwa usio wa VVU: Somo lililokwishapatikana kanda ya dhahabu

USHIROMBO, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ni mji wa barabarani. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana, na pande zote za mji yako machimbo ya dhahabu, makubwa ya makampuni na madogo ya watu wenye sururu na makarai. Hadi mwaka 2012 wilaya hiyo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ndipo ulipoundwa Mkoa wa Geita. Barabara na dhahabu viliileta fedha, na vilileta pia Ukimwi. Kwa hiyo dawa za kurefusha maisha, ambazo Serikali ilianza kuzitoa bure Oktoba 2004, zimekuwa sehemu ya maisha ya kawaida ya kanda hiyo kama ilivyo dawa ya malaria.

Ni dawa hizo, au ndugu zake wa karibu sana, ambazo katika miaka ya karibuni wanasayansi wa Australia na Ulaya wamekuwa wakizijaribu dhidi ya ugonjwa wa namna nyingine kabisa: ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu ya mwendo na kumwacha mgonjwa akikonda misuli hadi ashindwe kupumua. Habari za aina hii husafiri upesi. Zikifika mahali ambapo kidonge kinachozungumzwa kimo tayari katika kabati la kliniki ya jirani, huwa na uzito ambao hazina katika miji ya Ulaya, kwa kuwa pengo lililopo kati ya kusikia na kumeza ni dogo mno.

Ugonjwa wenyewe madaktari huutaja kwa herufi MND, na aina yake iliyo kuu huitwa ALS. Hushambulia seli zinazopeleka amri ya mwendo kutoka ubongoni, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye misuli. Seli hizo zikifa misuli hukosa amri, hulegea na kunyauka. Mgonjwa wa kwanza huangusha kikombe, wa pili hujikwaa mara kwa mara pasipo na kisiki, wa tatu huanza kuongea kwa ulimi mzito akadhaniwa amelewa. Baadaye hushindwa kutembea, kisha kumeza. Walio wengi hubaki na akili zao timamu huku mwili ukiwatoka kipande kwa kipande, na hufariki kati ya mwaka wa pili na wa tano tangu dalili za kwanza. Mwanafizikia wa Uingereza Stephen Hawking, aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa huo mwaka 1963 na kufariki mwaka 2018, alikuwa mtu mmoja kati ya maelfu. Hafai kuwa kipimo cha wengine.

Tiba ni haba hata kwa matajiri. Dawa ya riluzoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi michache. Toferseni, iliyoidhinishwa huko mwaka 2023, inawafaa wachache wenye kasoro ya kinasaba kimoja tu. Nyingine iliyouzwa kwa jina la Relyvrio iliidhinishwa mwaka 2022 kwa ushahidi mwembamba, na mwaka 2024 kampuni yenyewe ikaiondoa sokoni baada ya jaribio kubwa zaidi kuonyesha kwamba haikuwasaidia wagonjwa kuliko kidonge kisicho na dawa. Katika ugonjwa usio na njia, kila mlango unaoonekana kufunguka kidogo huvuta umati.

Mlango wa virusi si mpya. Polio, ambayo Watanzania wenye umri mkubwa wanaikumbuka vizuri, ni kirusi kinachoua seli hizo hizo za mwendo. Tangu zamani, basi, watafiti wamejiuliza kama MND nayo haina kirusi kilichojificha nyuma yake. Jibu la kuvutia zaidi lilikuja mwaka 2015, na lilitoka ndani ya mwili wa binadamu mwenyewe.

Takriban asilimia nane ya vinasaba vya kila mtu ni mabaki ya virusi vya kale vya jamii moja na VVU, vilivyojichomeka katika mababu wa binadamu mamilioni ya miaka iliyopita na kurithiwa hadi leo. Vingi vimelala usingizi wa mauti. Mwaka huo, kundi la watafiti la Avindra Nath katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani liliripoti kwamba kimoja, kiitwacho HERV-K, kilionekana kuamka katika ubongo wa baadhi ya watu waliofariki kwa ALS, na kwamba panya waliotengenezwa ili wabebe protini yake walipata ulemavu wa mwendo. Kama mkosaji ni ndugu wa VVU, hoja ikaendelea, basi silaha zilizotengenezwa kwa ajili ya VVU huenda zikamfaa naye. Katika maabara, baadhi ya dawa hizo zilionekana kweli kukizuia kirusi hicho.

Hoja hiyo ina mantiki, na ndiyo maana ilipata fedha na wagonjwa wa kujitolea. Jaribio la kwanza la Australia, lililopewa jina la Lighthouse na kuongozwa na Profesa Julian Gold wa Sydney, liliandikisha wagonjwa 40 na kuwapa kidonge cha Triumeq kwa majuma 24. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Swali lake lilikuwa la usalama: je, watu dhaifu kiasi hicho wataivumilia dawa? Wengi waliivumilia. Lakini wote walipewa dawa, hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na kwa hiyo halikuweza kusema kama dawa inatibu. Ndipo likapangwa la pili, la Ulaya na Australia, lenye nafasi za wagonjwa 390, ambamo wawili kati ya watatu wangepata dawa na mmoja kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu ndani, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata kipi.

Si mara ya kwanza kwa dawa za VVU kupelekwa kwa wagonjwa hawa. Mwaka 2005 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya indinaviri, dawa ya kizazi cha kwanza cha tiba mseto, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 46. Haikupunguza kasi ya ugonjwa, na baadhi yao ikawaongezea mawe kwenye figo. Vilevile maabara nyingine zilizotafuta HERV-K baada ya mwaka 2015, ikiwamo moja ya London iliyotoa ripoti mwaka 2019, hazikukiona kikiwa kingi kwa wagonjwa kuliko kwa watu wazima wa afya. Hadi leo hakuna mamlaka ya dawa duniani iliyoidhinisha dawa yoyote ya kupambana na virusi kuwa tiba ya MND.

Sasa turudi kwenye kabati la kliniki. Triumeq ni dawa tatu ndani ya kidonge kimoja: dolutegraviri, lamivudini na abakaviri. Kidonge ambacho Tanzania ilianza kukieneza mwaka 2019, na ambacho watu wazima wengi wenye VVU hukimeza kila siku, kina tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Viwili kati ya vitatu ni vile vile. Abakaviri nayo ipo nchini, hasa kwa watoto. Kwa maneno mengine, mtu wa Ushirombo anayetaka kujitibu kwa kile kilichojaribiwa Sydney hahitaji kupanda ndege. Anahitaji ndugu aliye tayari kumgawia.

Hapo ndipo historia ya kanda hiyo yenyewe inapokuwa na la kusema, maana watu wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania wamekwisha kushiriki katika jaribio la dawa ya virusi lililofanana sana na hili kwa mantiki yake.

Katikati ya muongo wa 2000, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kwa kushirikiana na AMREF na Chuo cha Afya na Tiba za Nchi za Joto cha London, iliwafuata wanawake wanaofanya kazi katika baa, nyumba za wageni na migahawa ya kanda hiyo, kwenye miji ya barabara kuu na ya migodi. Hoja iliyojaribiwa ilikuwa nzuri kama hii ya leo. Malengelenge ya sehemu za siri, yanayosababishwa na kirusi cha HSV-2, huacha vidonda. Vidonda humfungulia VVU mlango. Tafiti nyingi zilikuwa zimeonyesha kwamba mwenye HSV-2 yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Ipo dawa rahisi na salama, asikloviri, inayokituliza kirusi hicho. Basi mwanamke mwenye malengelenge akimeza asikloviri kila siku, maambukizo mapya ya VVU yatapungua. Ni nani angebisha?

Wanawake 821 waliokuwa na HSV-2 lakini hawana VVU waligawanywa kwa bahati nasibu. Mia nne walipewa asikloviri mara mbili kwa siku, 421 wakapewa kidonge kisicho na dawa. Kliniki za kuhamahama ziliwafuata kila baada ya miezi mitatu, kwa muda wa kati ya miezi 12 na 30. Wala haikuwa kazi nyepesi: mhudumu wa baa aliyeko Jumatatu katika mji mmoja huenda Ijumaa yuko mgodi mwingine, na mwajiri hapendi msichana wake aonekane akipanga foleni ya gari la hospitali. Hata hivyo zaidi ya wanane katika kila kumi walifika mwisho, na walimeza sehemu kubwa ya vidonge vyao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la tiba la New England. Waliopata dawa, 27 waliambukizwa VVU. Waliopata kidonge kitupu, 28. Tofauti haikuwapo. Utafiti mwingine mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka huo huo ulitoa jibu lile lile.

Kosa lilikuwa wapi? Si kwenye vidonge, wala si kwa wanawake wale. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani waliochunguza ngozi ya watu wenye malengelenge walieleza sehemu ya fumbo: kidonda kinaweza kupona kwa asikloviri na macho yasione kitu, lakini chini ya ngozi askari wa mwili ambao VVU hupenda kuwashika hubaki wamekusanyika kwa miezi kadhaa. Dawa ilikituliza kirusi. Njia iliyokuwa ikipitisha VVU ilibaki wazi. Mantiki ilikuwa imeruka hatua moja ambayo hakuna aliyeijua, na hakuna ambaye angeijua kwa kukaa mezani na kufikiri.

Katika MND hatua zinazoweza kurukwa ni nyingi zaidi. Huenda HERV-K ni moshi na si moto: seli inayokufa kwa sababu nyingine huenda ndiyo inayokiamsha kirusi cha kale, kama nyumba iliyobomoka inavyotoa panya waliokuwa wamejificha darini. Huenda kirusi kina hatia lakini kwa baadhi tu ya wagonjwa. Na huenda dawa inafika ikiwa imechelewa, maana siku mtu anapoangusha kikombe kwa mara ya kwanza, seli nyingi za mwendo zimekwisha kufa na hakuna dawa inayozifufua.

Lipo jambo jingine linaloufanya ugonjwa huu kuwa mtego kwa mwenye haraka. Hauendi kwa mwendo mmoja. Yuko anayeshuka kwa kasi kwa mwaka mzima, na yuko anayesimama mahali pamoja kwa miezi sita bila dawa yoyote. Mgonjwa wa aina hii ya pili akimeza kidonge cha jirani mwezi wa kwanza, kufikia mwezi wa sita mtaa mzima utakuwa na ushuhuda. Kundi la kidonge kitupu, ambalo watu wengi huliona kuwa ukatili, lipo kwa ajili ya kuutenganisha ushuhuda wa namna hiyo na ukweli.

Afrika Mashariki imekwisha kulipa gharama ya kulikosa kundi hilo. Mwaka 1990 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilitangaza Kemron, interferoni ya kumumunya kwa kiwango kidogo, kuwa inaondoa dalili za Ukimwi. Interferoni ni dawa halisi ya kupambana na virusi, na watafiti wake hawakuwa matapeli. Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliizindua mwezi Julai mwaka huo, na wagonjwa wakasafiri kutoka nchi za mbali kwenda Nairobi. Walichokosa watafiti wale ni ulinganisho. Majaribio yenye kidonge kitupu yalipofanywa baadaye, likiwamo la Uganda, faida haikuonekana.

Loliondo ilikuwa habari ya aina nyingine, kwa sababu haikudai kuwa sayansi. Hata hivyo mwaka 2011, magari yalipojipanga kwa kilomita nyingi kwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, yalikuwamo yaliyotoka Kanda ya Ziwa, na walikuwamo wenye VVU walioacha dawa zao kwa kuamini kwamba wamepona. Mchungaji huyo alifariki mwaka 2021. Walioacha dawa, baadhi yao walimtangulia kwa miaka mingi.

Kwa hali hiyo, swali la kama dawa za VVU zinatibu MND linapofika Ushirombo hukuta swali jingine limekwisha kukaa kitini: ni nani huko anayejua kwamba ana MND? Ugonjwa huu hauna kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Hutambuliwa na jicho la daktari anayejua mishipa ya fahamu, kwa msaada wa kipimo cha umeme wa misuli na picha za uti wa mgongo, na zaidi kwa kuyaondoa moja baada ya jingine magonjwa yanayofanana nao. Madaktari bingwa wa fani hiyo nchini ni wachache, nao wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Safari ya mgonjwa wa Bukombe huanzia zahanati, ikapita hospitali ya wilaya na ya mkoa, na kama nauli ipo ikaishia Chato au Bugando, Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hasubiri tena kivuko. Lakini anayebebwa mgongoni hadi barabarani hajasaidiwa sana na daraja.

Kwamba ugonjwa upo Tanzania si jambo la kubishaniwa. Madaktari wa Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako Dk. William Howlett aliandika kitabu kizima cha magonjwa ya mishipa ya fahamu barani Afrika, walichapisha mwaka 2018 taarifa ya wagonjwa wa MND waliowaona wenyewe. Utafiti wa hospitali za nchi kadhaa za Afrika uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ALS huwapata Waafrika wakiwa na umri mdogo kuliko Wazungu, na kwamba wengi hawaipati hata riluzoli. Katika vijiji vya kanda ya dhahabu, mtu anayekonda pole pole huku akipoteza sauti hupewa majina mengine. Huambiwa ana kiharusi. Au huambiwa amerogwa, na katika mikoa ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, neno hilo si la kuchezea. Linaweza kumgharimu uhai bibi wa jirani asiyejua lolote kuhusu mishipa ya fahamu.

Orodha ya magonjwa yanayofanana na MND kwa mtu wa Geita, tena, si ile ya mtu wa London. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hulegeza miguu, na kinatibika. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga wa dhahabu kisha kuichoma, huleta mtetemeko na kuvuruga mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walikuta dalili za sumu hiyo kwa wachimbaji na wachomaji wa Rwamagasa, mkoani humo humo.

Na uko muhogo. Mwaka 1985 huko Tarime, upande wa pili wa Ziwa, watu, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo, uitwao konzo, unashambulia njia za mwendo kama MND inavyofanya, ingawa hauendelei baada ya pigo la kwanza. Ulipotokea Msumbiji mwaka 1981 na kuwapata zaidi ya watu elfu moja, dhana ya kwanza ilikuwa polio, yaani kirusi. Dk. Howlett na wenzake, pamoja na Mtanzania Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, walionyesha kwamba kisa cha Tarime kilitokana na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka wakati wa njaa, ukabaki na sumu ya sayanidi. Kama wagonjwa wale wangepewa dawa za virusi wasingenufaika kitu. Walichohitaji ndugu zao ambao bado walikuwa wakitembea ni siku kadhaa zaidi za kuandaa unga.

Ugonjwa mmoja katika orodha hiyo ya kufananishwa unaigeuza hoja yote, nao ni VVU wenyewe. Mwaka 2001 madaktari wa Paris waliripoti wagonjwa sita wenye VVU waliokuwa na dalili zinazokaribia kabisa ALS, na ambao hali zao zilitulia au kuwa nzuri baada ya kupewa dawa za kurefusha maisha. Mwaka huo huo New York nayo iliripoti mgonjwa aliyepona. Madaktari wa Durban, Afrika Kusini, wameendelea kulifuatilia jambo hilo kwa wagonjwa wao. Ni hali ya nadra. Lakini katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima wana VVU, na katika kanda ambayo barabara na migodi vinaendelea kuleta wageni kila siku, mtu anayelegea misuli anapaswa kupimwa VVU kabla ya jambo jingine lolote. Kipimo ni cha bure, majibu yake hutoka siku hiyo hiyo, na kwa wachache watakaokutwa nao, ARV si bahati nasibu. Ni tiba yao.

Kwa asiye na VVU, hesabu ni nyingine. Abakaviri huweza kuwasababishia baadhi ya watu mzio wa kuua, na katika majaribio ya Ulaya na Australia watu wa aina hiyo hupimwa kwanza na kuondolewa. Lamivudini huituliza homa ya ini aina ya B. Mwenye homa hiyo bila kujua akiimeza kwa miezi kisha akaiacha, ini lake linaweza kuwaka upya. Asiyejua kwamba ana VVU akimeza dozi za kugawana, leo kimoja, kesho kutwa kimoja, hukifundisha kirusi usugu. Na kidonge anachogawiwa kimetolewa kwa mtu mwenye jina na namba kliniki, ambaye mwisho wa mwezi atapungukiwa. Januari 2025, Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje, nchi nyingi za Afrika zilikumbushwa kwamba shehena ya dawa hizo haina hakika ya milele.

Yapo malalamiko ya haki yanayoweza kutolewa hapa. Kwa nini jaribio la dawa ambayo Afrika ndiyo inayoimeza kwa wingi kuliko bara lolote lifanyike Sydney na London, na si Mwanza? Uwezo haukosekani kabisa. Mwanza ndiko ulikofanyika, kati ya mwaka 1991 na 1994, utafiti wa vijiji kumi na viwili ulioonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida kulipunguza maambukizo mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, na wale wanawake 821 wa miaka ya 2000 ni ushahidi kwamba hata wahamaji wa migodini wanaweza kufuatiliwa kwa uaminifu. Kinachokosekana ni hatua ya kwanza: wagonjwa wa MND waliotambuliwa, walioandikwa na wanaoonwa kila baada ya miezi kadhaa. Bila daftari hilo hakuna mfadhili atakayekuja, na akija hatakuwa na wa kumwandikisha. Australia ilipata wagonjwa 40 kwa sababu kwanza ilikuwa na kliniki zao.

Daftari hilo lisingehitaji jengo jipya. Wilaya kama Bukombe zimekwisha kujenga, kwa ajili ya Ukimwi, kitu ambacho wagonjwa wa MND wanakihitaji kuliko kidonge: kliniki inayomfuata mtu kwa miaka badala ya siku, na wahudumu wa ngazi ya jamii wanaojua njia za vichochoroni na kuingia ndani hadi chumbani. Mhudumu huyo akifundishwa atajua kwamba asiyeweza kumeza maji anaweza kumeza uji mzito akiwa ameketi wima, kidevu kikiwa kimeinama; kwamba ubao wenye herufi humrudishia sauti aliyepoteza ulimi; kwamba anayeamka akihema na kuumwa kichwa kila asubuhi ameanza kushindwa kupumua usingizini na anapaswa kuonwa upesi. Atajua pia kumwambia mume, mbele ya wakwe na majirani, kwamba mkewe hakurogwa na mtu.